Gurudumu la Mbele Liko kwa Mama Kalenga

Nyinyi mnaopita mbele ya nyumba yangu asubuhi mkikimbia kuelekea Mutoshi, mkanitupia "Bonjour, Tata!" bila kupunguza mwendo, leo nawaomba msimame. Kaeni hapo kwenye ubao. Mimi sina haraka tena. Haraka yangu mke wangu ameifungia ndani, na ufunguo anao yeye.

Mmoja wenu, simtaji jina kwa sababu mama yake anasali pamoja nasi, alikuja hapa juzi amekunja uso. Nilikuwa nimemshauri apunguze mazoezi, maana siku yake ya kukimbia hadi Tenke imekaribia. Akaniambia: "Tata, tangu uliniambia nipumuzike, magoti inauma, mugongo inauma, hata usingizi inakimbia. Mi naona kupumuzika njo kunaniletea magonjwa." Kisha akafunga kamba za viatu, akaondoka mbio.

Nilibaki mlangoni nimeduwaa. Maneno yale niliyasikia zamani kwa mtu mwingine, na mtu huyo tulimzika. Na mwaka huu huu yametoka katika kinywa changu mwenyewe, mimi ninayejiita mwalimu wenu. Sasa sikilizeni, maana bado nimeshtuka, na mtu aliyeshtuka hawezi kukaa kimya.

Kazi yangu ilikuwa kinga. Baiskeli, kama mnavyosema mkiwa mbele ya mwalimu. Kabla malori hayajaizoea njia ya Kapanga, malori yalikuwa sisi. Tulitoka Kolwezi na chumvi, sabuni na vitenge, tukafika Musumba, huko huko Kapanga, tukarudi na karanga, mihogo mikavu na asali. Watu wengi hudhani tulikuwa tunaendesha. Hakuna anayeendesha kinga yenye mzigo wa Musumba! Inasukumwa. Unafunga fimbo moja kwenye usukani, nyingine unaisimamisha nyuma ya kiti, unaegemea, unasukuma. Mlima ukipanda, unasukuma kwa kifua. Mlima ukishuka, breki ni mgongo wako. Mchanga ukianza, unamwomba Mungu.

Nimefika Musumba mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Lakini mkiniuliza Musumba inafananaje, nitawaambia ni nyeusi, ni mviringo, na ina mpira. Kwa sababu mtu anayesukuma hatazami mbele. Anatazama gurudumu. Nilifika nimeinama, nikaondoka nimeinama. Mji wa watu wenye historia kubwa, na mimi nimeona viatu vyao tu.

Aliyenifundisha ni Tata Kapend, mzaliwa wa huko huko Musumba, mtu mfupi mwenye mabega mapana na mdomo usio na huruma. Kabla ya safari alitupa kazi ya kubeba makala, mkaa wa kupikia, kwa majuma mengi. Magunia makubwa kutoka porini hadi mjini, kila siku, mpaka mapaja yakawa magumu. Hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yetu, ingawa neno lenyewe hatukulijua. Lakini safari ikikaribia, alianza kutupunguzia. Gunia moja badala ya mawili. Kisha nusu gunia. Kisha kinga tupu, unaizungusha mtaani ili miguu isisahau. Mwisho unaifunga kamba na kuitundika kwenye boriti ya nyumba, miguu yako na gurudumu lake vyote vimening'inia bure.

Lile tuliliita juma la kutundika, na hakuna kazi iliyokuwa ngumu kuliko hiyo. Mlima wa kusukuma unajua una mwisho. Kukaa hakuna mwisho.

Shikeni hapa mambo machache, yatawafaa. Punguzeni mzigo, lakini desturi msiipunguze: aliyezoea kuamka na jogoo aamke na jogoo. Kuleni kama kawaida, msijazie tumbo kwa sababu eti safari ni ndefu. Chumvi ikikaa muda mrefu kwenye gunia inavuta maji na kuwa nzito, na mtu naye ni hivyo hivyo. Na nguvu mnayoisikia inachemka ndani yenu katika siku hizo, iacheni ichemke. Hiyo ni ya njiani. Mimi katika juma langu la kwanza la kutundika sikuweza kuivumilia. Nikachukua jembe, nikachimba choo kipya nyuma ya nyumba ya mama yangu. Nilikuwa nimeshazama hadi mabegani Tata Kapend alipokuja. Alisimama pembeni ya shimo, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Kumbe siku hizi njia ya Musumba inapitaka mu shimo?"

Wenzangu walicheka mpaka safari ikaisha. Kila mlima walikuwa wananiuliza kama nimeleta jembe.

Sasa nije kwenye lile jambo la maumivu. Ninyi mnafikiri mmeligundua nyinyi. Sisi tulikuwa na jina lake. Mtu akitundika kinga, siku ya pili au ya tatu mwili unaanza kusema. Goti ambalo halijawahi kulalamika linalalamika, kiuno nacho kinaamka, kifua kinabana kidogo. Tulisema: kinga inamwita. Yaani kinga iliyoko darini imemkosa mwenyewe, inamvuta kwa maumivu. Na dawa yake tuliijua: ishushe, ipande, izungushe kidogo, itanyamaza. Na kweli, ukiipanda maumivu yanapotea. Tuliamini hivyo sote kama tunavyoamini kwamba jua litatoka.

Kazadi alikuwa rafiki yangu katika kazi ile. Kijana asiye na mke, aliishi na dada yake Ngalula, mtu wa kuimba njia nzima. Katika juma moja la kutundika kifua kilimbana. Akaja kwangu anacheka: "Kinga inaniita, ndugu. Naenda kuijibu kidogo, nitarudia." Akaishusha, akaenda nayo hadi Mutoshi na kurudi. Jioni alikuwa mzima, anapiga hadithi. Nikasema, mmeona? Imenyamaza.

Safari ilipoanza, tulikuwa hatujamaliza hata mlima wa pili. Kazadi alikuwa mbele yangu. Aliacha kuimba. Halafu nikaona kinga yake inaanza kulala upande. Sasa sikilizeni kilichofanyika, maana ni watu wa kazi yetu tu wangeweza kufanya hivyo. Tulipiga kelele, tukakimbia wote, na wote tukashika mzigo. Chumvi isimwagike! Mikono yote kwenye magunia. Tulipoisimamisha kinga vizuri, tukaiegemeza kwenye mti, tukageuka kumcheka mwenyewe. Alikuwa amekaa chini pembeni ya njia, kidevu kimelala kifuani. Tulimwita. Tata Kapend alipiga magoti, akamshika uso. Kazadi alikuwa ameshakwenda.

Mtu alikuwa anaimba!

Tulirudi naye. Kwenye kilio, Ngalula hakupiga kelele kama wanawake wengine. Alikaa kwenye mkeka, akasema neno moja, akalirudia mpaka watu wakamwomba apumzike. "Mi nilionaka miguu yake. Ilivimba. Kiatu ilikuwa inakatala kuingia. Hakuna mutu aliniuliza." Sisi wanaume tulikuwa nje kwenye moto. Tulisikia, tukasema ni uchungu unaosema. Tata Kapend peke yake aliinuka, akaingia ndani, akakaa karibu naye muda mrefu.

Baada ya hapo ilikuja sheria mpya. Tata Kapend alisema kinga haitundikwi tena nzima. Unatoa gurudumu la mbele, unalipeleka kwa mwanamke wa nyumba yako: mke, au mama, au dada. Yeye ndiye anayelitunza, na yeye ndiye anayelirudisha siku ya safari. Akiwa hajalirudisha, hakuna safari, na hakuna wa kugombana naye, hata Tata Kapend mwenyewe. Tukaelewa haraka. Kazadi alijichosha kwa kwenda Mutoshi, sasa mzee ametuondolea gurudumu ili tusiibe mwendo. Akili nzuri! Ndivyo nilivyoelewa mimi, na ndivyo nilivyowafundisha vijana wote waliokuja nyuma yangu, na ninyi pia, hapo hapo mlipokaa. Niliwaambia: pumzika ili usijichoshe. Basi.

Nilipooa, gurudumu langu lilihama kutoka kwa mama kwenda kwa mke wangu, huyu mnayemwita Mama Kalenga kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Na hapo taabu yangu ikaanza. Kwa sababu mke wangu, pamoja na sifa zake zote na sauti yake katika kwaya, alikuwa mtu wa kupoteza gurudumu.

Mara nyingi alilirudisha vizuri, limepanguswa vumbi. Lakini mara nyingine, wee! Mara moja naamka kusafiri, wenzangu wako barabarani wamefunga mizigo, namwomba gurudumu. Ananiambia amemwazima jirani afunikie kisima, maana mbuzi wa huyo jirani anataka kutumbukia. Gurudumu la safari linafunika kisima! Nikaenda kwa jirani. Jirani hayupo, kisima kimefungwa na ubao, mbuzi amelala juu yake ananitazama. Wenzangu wakaondoka. Nilikasirika hata nikakataa kula. Jioni yake homa ikanikamata, ikanilaza siku nyingi, ningekufa porini. Nikasema Mungu mkubwa, mbuzi ameniokoa.

Mara nyingine alilipeleka Tenke, kwa treni, kwa mama yake. Eti mama mkwe alitaka kulinganisha na la marehemu mumewe. Hebu semeni, nani analinganisha magurudumu? Yote ni mviringo! Nilikwenda kumshitaki kwa Tata Kapend. Alinisikiliza akiwa anatafuna karanga. "Banamuke," alisema, akacheka peke yake. "Umurudishie heshima. Akikatalia gurudumu, safari haiko." Wakati ule nilikuwa na kidonda kidogo chini ya mguu, kitu cha kawaida tu, ambacho katika siku zile za kusubiri kikaiva kikatoa usaha mwingi. Nikasema tena: bahati. Mimi ni mtu wa bahati.

Malori yakaja, barabara ikajaa vumbi la magari ya migodi, pikipiki za Kichina zikachukua mizigo midogo, na sisi wa kinga tukabaki kusimulia. Tata Kapend alirudi kwao akafia huko kwa uzee. Sikwenda kumzika. Na kila nilipomkumbuka, jambo moja liliniuma: kwamba ule mji wake sijawahi kuuona.

Ndipo mwaka huu nikasema nitakwenda. Bila chumvi, bila sabuni, bila hata mfuko mkubwa. Mzigo ni mimi mwenyewe. Nitapanda kinga yangu kama bwana, mgongo wima, nifike Musumba macho yakiwa juu, nisimame kwenye kaburi la Tata Kapend nimwambie sasa nimeona. Watoto wetu walisema nimechanganyikiwa. Mama Kalenga aliniuliza tu: "Utatundika?" Nikamjibu: "Nitatundika. Si njo sheria?"

Mliniona wenyewe nikifanya mazoezi. Mutoshi na kurudi. Kisha mbali zaidi. Mara moja nilifika hadi Tenke, sehemu nyingine nikisukuma, nikalala kwa mashemeji, nikarudi. Nilichoka sana, lakini nilijua kwa nini nimechoka. Nilikuwa nakohoa kidogo: vumbi. Usiku nilikuwa natafuta mto wa pili wa kichwa: kiuno. Kila kitu kilikuwa na jibu lake, na jibu lilikuwa mazoezi. Kisha nikaanza kupunguza kama nilivyofundishwa, nikafika mwisho, nikatundika kinga, nikatoa gurudumu la mbele, nikampa mke wangu mkononi. Alilipokea kwa mikono miwili.

Nikakaa. Siku ya kwanza nzuri. Siku ya pili nikaanza kusikia kifua kinabana, miguu mizito. Nikacheka. Nikamwambia Mama Kalenga, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake: "Usiogope. Kinga inaniita. Kama ningekuwa na gurudumu ningeijibu kidogo tu, inyamaze." Alikuwa anachagua mchele. Alinyanyua macho, akanitazama, akarudi kwenye mchele.

Asubuhi ya safari nilivaa suruali yangu nzuri. Nikatoka uani. Alikuwa kwenye kinu, anatwanga majani ya mihogo kwa ajili ya sombe.

"Mama Kalenga, gurudumu."

Hakuacha kutwanga. Nikaanza kutabasamu, nikimsubiri aniletee mbuzi wake au mama yake. Nilikuwa nimejiandaa hata kucheka.

"Leo sitakudanganya, Tata Kalenga," alisema. "Gurudumu iko mu nyumba, nyuma ya kitanda. Na sitakupa."

Nilidhani sikusikia vizuri. Katika ndoa yetu yote hakuwahi kunikatalia hivi, uso kwa uso, bila sababu. Nikauliza: "Juu ya nini?"

Akaegemeza mchi. "Juu unasema 'niletee', unapumua, njo unasema 'maji'. Juu tangu ulitundika, unalala umekaa. Unakunja muto, unaweka na kitenge yangu ya kanisa juu, unalala umekaa kama mutu eko mu gari. Na angalia miguu yako."

Nikaangalia. Soksi zilikuwa zimechora mstari mzito kwenye ngozi. Nikabonyeza kwa kidole, na kidole kilipotoka shimo likabaki pale pale. Kiatu changu cha kushoto sikuwa nimekifunga kamba, na sikuwa nimejiuliza kwa nini.

Nikasikia sauti ya Ngalula kwenye mkeka, kama ameketi pale uani kwetu.

"Ni kuchoka," nikasema. "Ni kinga inaniita."

"Umepumuzika juma muzima, Tata Kalenga. Umechoka na nini?"

Nilikaa chini kwenye kigoda. Ndipo akaniambia, na hapo ndipo niliposhtuka kupita yote. Siku chache baada ya kilio cha Kazadi, Tata Kapend alikuwa amewaita wanawake wa nyumba zetu zote, mama zetu, dada zetu, wake za wenzangu. Sisi hatukujua. Wake waliokuja baadaye waliambiwa na wale wa kwanza. Mke wangu aliambiwa na mama yangu, siku chache baada ya harusi. Alinisemea maneno yenyewe kama mtu anayesoma sala.

"Alisema: banaume bakiwa mu kazi, hamuwezi kujua nani eko mugonjwa na nani amechoka tu. Kuchoka kunafichaka yote. Mubaache bapumuzike kwanza, njo muangalie. Muangalie namna anainama, namna anakula, namna analala. Mukiona kitu, mushike gurudumu. Mutafute uongo yoyote. Hata mi, munidanganye."

"Na mbona hamkutuambia?"

"Mwanaume akijua banamuangalia, anajifanyaka muzima." Akachukua mchi wake tena. "Ile siku ya mbuzi, ulikuwa unatetemeka ukikula bukari. Ile siku ya Tenke, ulikuwa unakanyaga na pembeni ya muguu."

Vijana wangu! Mbuzi hakuniokoa. Hakukuwa na bahati yoyote. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nalala kwenye juma la kutundika nikidhani napumzika, kumbe niko kwenye mtihani, na mpimaji ni yule anayenikaangia mayai. Na gurudumu halikutolewa ili tusijichoshe. Kazadi hakuuawa na mwendo wa Mutoshi. Alikuwa ameshaugua, na juma la kutundika lilikuwa limeshamsema mbele ya dada yake, na hakuna aliyemuuliza. Maumivu ya kupumzika hayaletwi na kupumzika. Yalikuwemo tangu zamani, sasa yamepata kimya cha kusikika. Mengi ni ya bure, ni mwili unajinyoosha, yatapita. Lakini moja kati yao linaweza kuwa lile la Kazadi. Ukilikimbia, litanyamaza, na utasema, mmeona?

Nilikwenda lopitalo nikiwa nimevaa ile suruali yangu ya safari. Daktari, mama kijana mwenye mikono baridi, aliniwekea chombo kifuani, akasikiliza, akasikiliza tena. Akaniambia moyo umepanuka na umechoka kusukuma, maji yamejaa miguuni na yameanza kupanda mapafuni. Akauliza nilikuwa nafanya nini miezi hii. Nikamwambia.

"Tenke?" alisema. "Na vélo, ile kinga?" Akaweka kalamu chini. "Na ulikuwa unataka kwenda wapi leo?"

Nikamwambia Musumba. Alimtazama mke wangu, si mimi. Akamshika mkono kama watu wanavyosalimiana kwenye msiba.

Sasa nina vidonge vya asubuhi na vya jioni. Uvimbe wa miguu umepungua. Chumvi nimekatazwa. Mimi niliyeipelekea Kapanga yote chumvi yake, leo nakula sombe isiyo na chumvi, na ninaambiwa niseme asante. Kwa Musumba, daktari alisema tutaona, labda kwa gari, nikiwa nimekaa. Haidhuru. Mtu aliyekaa kwenye gari ana mgongo wima.

Ningeweza kuishia hapo, mngekwenda na funzo zuri. Lakini kuna jambo lililonishtua zaidi ya lopitalo, nalo ndilo lililonifanya niwasimamishe leo.

Baada ya kurudi nyumbani, nilikuwa nimekaa uani, yeye kwenye kinu kama kawaida. Nilitaka kumshukuru na sikujua namna. Nikasema: "Mama Kalenga, umeniangalia muzuri. Miaka yote hii, umeniangalia muzuri."

Alitwanga kidogo. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayeuliza mwiko uko wapi: "Na mi? Nani ananiangaliaka?"

Nilitaka kumwambia analala upande gani. Sikujua. Nilitaka kumwambia anakula kiasi gani, na nikagundua kwamba sijawahi kumwona akimaliza sahani, kwa sababu mimi humaliza kwanza nikatoka. Nilimtazama mwanamke ambaye nimelala naye nyumba moja tangu nikiwa na nywele nyeusi, na nilikuwa namjua kama ninavyoijua Musumba.

Niliinuka, nikamnyang'anya mchi. Alipiga kelele, majirani wakachungulia. Nikauinua nikautundika ukutani kwa kamba, karibu na ile kinga yangu isiyo na gurudumu. Nikamwambia juma hili ni lake. Mkwe wetu atapika. Kwaya itaimba bila yeye.

Siku ya kwanza alinisumbua sana. Nikigeuka, ameshika ufagio. Nikimnyang'anya ufagio, yuko kwenye ndoo. Nikamwambia: "Kumbe njia ya Musumba inapitaka mu ndoo?" Akacheka, akakaa. Siku ya pili hakushika kitu. Nikaweka kiti changu mbele ya chake, nikamwangalia bila aibu, kama alivyoniangalia yeye, ila mimi sikujua kujificha. Nikaona jinsi anavyoinuka: mkono wa kulia kwanza, kisha anasubiri. Nikaona anavyoweka kiganja chini ya titi la kushoto na kukiondoa haraka nikimtazama.

Siku iliyofuata alisema mwenyewe. Alikuwa anatazama mchi ukutani.

"Tata Kalenga, kuko kitu huku. Kigumu. Kiko tangu zamani." Akarudisha kiganja pale pale. "Mi nilifikiri ni juu ya kutwanga."

Nilisimama polepole, kama daktari alivyoniagiza, nikatoka barabarani nikapunga mkono kwa pikipiki ya kwanza. Yule daktari mwenye mikono baridi alimpima, akakata kipande kidogo cha kile kigumu, akakipeleka kupimwa. Kesho tunakwenda kusikia majibu.

Yuko ndani hapo, anatusikia. Mchi bado uko ukutani, sijaushusha. Haya, nendeni. Msikimbie leo, tembeeni, mkifika nyumbani muwatazame wa nyumbani kwenu. Na kesho asubuhi mkipita mkakuta mlango huu umefungwa, msidhani nimepewa gurudumu langu.